Video zote nimezitazama, mbona jaribio limenishinda?

"Shikamoo mwalimu. Nimeajiriwa, kazini natumia saa 45 kwa wiki, na muhula huu nimeanza masomo mseto. Nina kozi tatu. Kila moja tunakutana darasani saa mbili kila baada ya wiki mbili, mengine yote ni mtandaoni. Muhula ni wa wiki 15 na sasa tuko wiki ya 5. Kwenye Takwimu nimetazama kila video, nyingi nimezirudia mara ya pili, na nimejaza daftari zima. Jaribio la kwanza nimepata 41 kwa 100. Juu ya hapo, kazi mbili za kozi hiyo hiyo mfumo umezikataa kwa kuchelewa, ilhali nilizipakia siku ile ile iliyoandikwa. Jaribio lina uzito wa asilimia 10, na kila kazi asilimia 5. Mimi ni mtu wa kuelewa nikimsikiliza mwalimu akiwa mbele yangu, nadhani masomo ya mtandaoni sikuumbiwa. Niache, nihamie masomo ya darasani kabisa, au kuna namna?"

Marahaba. Pole kwa hizo 41, hasa baada ya kujaza daftari zima. Umeleta mambo matatu yaliyofungwa kitita kimoja: namna unavyosoma, tarehe za mwisho, na wingi wa saa. Kila moja lina dawa yake. Yakibaki kwenye kitita hicho, mtu huona mwenye kasoro ni yeye mwenyewe, ndiyo maana umefikia kusema hukuumbiwa.

Kwanza tupige hesabu, maana hofu hukua pale ambapo namba hazijaandikwa. Tuchukulie zile kazi mbili zimebaki sifuri. Jaribio limekupa alama 4.1 kati ya 10, kazi 0 kati ya 10, na alama 80 hazijaguswa. Kama alama ya kufaulu ni 50, unahitaji 45.9 kati ya hizo 80, yaani wastani wa asilimia 57 hivi katika yaliyobaki. Ukitaka kumaliza na 60, unahitaji karibu asilimia 70. Kwa mtu aliye wiki ya 5, la kwanza linawezekana kabisa, na la pili linawezekana ukibadilisha namna ya kusoma wiki hii na si wiki ya 9. Kozi haijakupotea.

Sasa hilo la kuwa "mtu wa kusikiliza". Imani hii imeenea sana, hata walimu huifundisha. Mwaka 2008 wanasaikolojia wanne wakiongozwa na Harold Pashler walipitia tafiti zilizokuwepo kuhusu mitindo ya kujifunza, wakakuta hakuna ushahidi wa kutosha kwamba mtu hujifunza vizuri zaidi akifundishwa kwa "mtindo wake". Watu wana mapendeleo, ni kweli, lakini kupenda kitu si sawa na kukumbuka kitu. Na ukiangalia vizuri, kwenye video pia unamsikiliza mwalimu. Sauti ipo. Kilichokosekana ni kingine.

Fikiria mwalimu wa darasani anafanya nini zaidi ya kueleza. Anakuwekea saa: Jumanne saa nne uwe umekaa. Anakushtukiza kwa swali kabla hujajiandaa, na hata akimuuliza jirani yako, wewe pia unalijibu kimoyomoyo. Anakutazama usoni akaona umepotea, akarudia. Video haifanyi hata kimoja kati ya hivyo vitatu. Inasubiri ubofye, inaendelea ukiwa umepotea, na haikuulizi kitu. Katika masomo mseto kazi hizo tatu umekabidhiwa wewe bila kuambiwa. Wengi wanaoanguka muhula wa kwanza wameibeba ile ya nne peke yake, ya kusikiliza maelezo, wakadhani ndiyo somo lote.

Hapo ndipo video zako zilipokuangusha. Ukitazama maelezo mazuri mara ya pili, kila sentensi unaiona ni ya kawaida. Akili inasema "hili nalijua", na kweli unalitambua, lakini kutambua si kukumbuka. Sura ya mtu unaweza kuitambua sokoni na jina lake lisije mdomoni. Jaribio linakudai jina. Wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilionyesha hili mwaka 2006: waliwalinganisha waliosoma kifungu kwa vipindi vinne, na waliokisoma kwa kipindi kimoja kisha wakajipima mara tatu kwa kuandika wanachokumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliorudia kusoma walikumbuka asilimia 40, waliojipima asilimia 61. Zile dakika tano za mwanzo ndizo zinazodanganya watu, kwa sababu mwanafunzi huamua kama ameelewa papo hapo video inapoisha, wakati ambao kila kitu bado kiko moto.

Daftari lako nalo, samahani kusema, huenda ndilo lililokula muda mwingi kuliko yote. Kusimamisha video, kunakili sentensi, kuendelea, kusimamisha tena: huo ni ukarani, na maneno hupita kutoka skrini hadi karatasi bila kupita kichwani. Mwaka 2013 mwanasaikolojia John Dunlosky na wenzake walipima mbinu kumi ambazo wanafunzi hutumia. Zilizopata daraja la juu ni mbili tu: kujipima, na kugawa marudio katika siku mbalimbali. Kusoma tena na kupigia mistari ziliwekwa daraja la chini.

Basi video ya dakika 40 ifanye hivi. Kabla hujaibofya, soma maswali ya kazi au jaribio dogo la wiki hiyo, hata kama huelewi neno, kisha andika maswali matatu ambayo unadhani video itayajibu. Dakika tatu zinatosha. Tazama dakika nane hadi kumi bila kuandika chochote, labda namba au fomula ambayo huwezi kuikumbuka kwa sikio. Simamisha. Geuza simu kifudifudi au funika skrini. Kwenye karatasi tupu andika ulichosikia kwa maneno yako, pamoja na mfano uliotolewa. Ukikwama, vumilia dakika moja kabla ya kuchungulia, maana ule uchungu wa kutafuta ndio unaofanya kazi. Kisha fungua, sahihisha kwa kalamu ya rangi nyingine, endelea na kipande kinachofuata. Itakuchukua dakika 70 au 80, sawa na kuitazama mara mbili kama ulivyokuwa ukifanya. Muda ni ule ule, ila ile rangi ya pili inakuonyesha hasa wapi hujui.

Nikupe mfano kutoka Takwimu yenyewe. Video imesema wastani unapotoshwa na thamani moja iliyo mbali na nyingine. Ukiisikia, utakubali kwa kichwa. Sasa funika skrini utengeneze namba zako: mishahara ya watu watano, 4, 5, 5, 6 na 30. Jumla 50, wastani 10. Watu wanne kati ya watano wako chini ya "wastani", na ukizipanga namba hizo, inayokaa katikati ni 5. Badilisha ile 30 iwe 300: wastani unaruka hadi 64, ya katikati haijasogea hata kidogo. Mtu aliyefanya hivi mwenyewe mara moja hatababaishwa na swali la jaribio linalouliza ni kipimo kipi kitumike na kwa nini. Aliyenakili sentensi ataikumbuka sentensi, kisha atakuta swali halijaiuliza.

Marudio yake ni mafupi. Kesho yake, karatasi tupu, dakika kumi: andika unachokumbuka, fungua daftari usahihishe. Rudia siku ya nne, na mara nyingine siku moja kabla ya kukutana darasani. Kazi hii haihitaji intaneti wala kompyuta, kwa hiyo ifanye ukiwa umechoka au ukiwa safarini. Video mpya zipe saa zako za akili safi. Wafanyakazi wengi hufanya kinyume: video saa nne usiku baada ya kazi, na Jumamosi asubuhi wanapamba daftari.

Darasa la kila wiki mbili nalo lina kazi yake, na si kurudia video. Ukienda bila kuwa umefanya sehemu ya mtandaoni, mwalimu atajadili kosa ambalo wewe bado hujafika mahali pa kulifanya, na saa zile mbili zitapita juu ya kichwa chako. Nenda na karatasi moja yenye sehemu tatu ulizokwama, zikiwa zimeandikwa kwa ukamilifu. "Sielewi Takwimu" haimsaidii mtu. "Swali la 4 la wiki ya 5, nimefika mstari wa tatu, jibu langu 12.5, la kwenye mfumo 10, sioni nilipopotea" inajibika kwa dakika mbili. Na siku hiyo hiyo jioni, au kesho yake, fanya swali moja la aina iliyofundishwa bila kuangalia. Kupiga picha ubao si vibaya, ila picha ya ubao ni daftari jingine la kunakili.

Swali lile lile lililoandikwa vizuri liweke kwenye ukumbi wa majadiliano wa kozi bila kungoja darasa. Taja wiki, taja dakika ya video (mfano 14:20), onyesha ulichojaribu. Liweke mwanzoni mwa wiki, kwa sababu swali la Jumapili usiku hujibiwa Jumatatu, kazi ikiwa imeshafungwa. Na usione aibu: mara nyingi kimya cha ukumbi hakimaanishi kwamba wengine wameelewa.

Nije kwenye zile kazi mbili zilizokataliwa, kwa sababu hapa nakisia kwa nguvu kilichotokea. Mfumo ukiandika "Ijumaa 00:00", wengi husoma Ijumaa usiku. Lakini 00:00 ndio mwanzo wa siku. Ni usiku wa kuamkia Ijumaa, yaani Alhamisi ikiisha. Uliyepakia Ijumaa mchana, kwa saa ya mfumo umechelewa zaidi ya saa kumi na mbili. Kama imeandikwa "Ijumaa 23:59", hapo ndipo una Ijumaa nzima. Na kwa sisi tunaohesabu saa kuanzia mapambazuko kuna mtego wa pili: 11:00 ya mfumo si saa kumi na moja jioni, ni saa tano asubuhi. Ingia kwenye mipangilio ya akaunti yako uhakikishe ukanda wa saa ni wa mahali ulipo, kisha kila tarehe ya mwisho iandike upya kwa mkono wako, kwa saa zetu, ukiondoa siku moja nzima. Hiyo siku uliyoiondoa ndiyo tarehe yako. Ile ya mfumo ibaki kwa siku ambayo umeme umekatika.

Kuna kosa jingine dogo linalogharimu watu. Kwenye mifumo kama Moodle, kazi inaweza kubaki rasimu hata baada ya kupakia faili, mpaka ubofye kitufe cha kuwasilisha. Ukimaliza, angalia hali yake inasema imewasilishwa, pakua faili lako mwenyewe ulifungue uone kama ndilo, kisha piga picha ya skrini. Tumia PDF isipokuwa umeambiwa vingine, na angalia kikomo cha ukubwa wa faili kabla ya dakika ya mwisho. Majibu marefu yaandike kwenye hati ya pembeni ndipo uyabandike, maana ukurasa ukikaa muda mrefu bila kuguswa mfumo unaweza kukutoa na maneno yote yakapotea. Jaribio la muda maalumu usilifungue "kuchungulia tu": kwa kawaida saa huanza kuhesabu pale pale, na haisimami mtandao ukikatika.

Kama ndivyo ilivyotokea kwa hizo kazi mbili, mwandikie mwalimu wa kozi leo, kwa ufupi: "Nilisoma 00:00 kama mwisho wa siku, nikawasilisha Ijumaa mchana. Kazi zote mbili zimekamilika na nimeziambatisha. Naomba kujua kama kanuni za kozi zinaruhusu zisahihishwe, hata kwa kukatwa alama." Usitunge ugonjwa. Anaweza kukataa, na ana haki hiyo, lakini hata nusu ya alama 10 inashusha wastani unaohitaji kutoka 57 hadi 51 hivi.

Kama bando ndilo linalokubana, pakua video kwa ubora wa chini mahali penye mtandao mzuri, na maelezo yasiyo na michoro yasikilize kama sauti tu. Sauti ya kilobiti 64 kwa sekunde inakula megabaiti 29 hivi kwa saa, kiasi kidogo sana kuliko video ya kawaida. Ila Takwimu usiisikilize bila kuona. Fomula haziingii kwa sikio.

Sasa saa zako, na hapa sitakufariji bure. Watu hudhani masomo mseto ni mepesi kwa sababu vipindi vya darasani ni vichache. Chukua kozi ya saa 120 za kujifunza. Muhula wa wiki 15 unaifanya saa 8 kwa wiki. Kukutana saa mbili kila wiki mbili kunakupa wastani wa saa 1, saba zilizobaki ni zako peke yako. Kozi tatu ni saa 24 kwa wiki. Jumlisha 45 za kazi, unapata 69. Wiki ina saa 168. Ukilala saa 8 kila siku zinabaki 43 za safari, familia, kufua, kuugua na kupumzika. Inawezekana, lakini hakuna mahali pa kuweka dharura, na dharura moja katikati ya muhula huangusha kozi zote tatu kwa pamoja. Tafuta kwenye muhtasari wa kila kozi saa zilizotajwa ufanye hesabu hii kwa namba zako halisi.

Kwa hiyo machaguo yako nayaona hivi. Kubaki na kozi tatu ni sawa ikiwa unaweza kuonyesha kwa kalamu saa 21 za peke yako katika wiki, zikiwa na siku na mahali. Kuacha kozi moja ndilo ningelifikiria kwanza kama saa hizo hazionekani. Zinabaki saa 16 kwa wiki, 14 kati yake za peke yako, na kozi mbili zilizofaulu zina thamani kuliko tatu zilizoyumba. Lakini kabla ya kuacha chochote uliza mambo mawili: tarehe ya mwisho ya kujiondoa bila kuandikiwa kufeli, na kama mkopo au ufadhili wako unadai idadi fulani ya kozi. Kuhamia darasani kabisa kutakurudishia yule mwenye kushika saa, hilo ni kweli, ila vipindi vitagongana na ajira yako, na daftari la kunakili litakufuata hata huko. Kuhama kuna maana kama huna mahali penye utulivu na mtandao wa kuaminika hata mara tatu kwa wiki.

Ukiamua kubaki, saa zile zifunge kwenye kitu unachofanya tayari. "Nitasoma jioni" huwa haifiki. "Jumanne nikiingia ndani na kuweka mkoba chini, nafungua wiki ya 6 kabla ya kuvua viatu" hufika mara nyingi zaidi. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer ameandika sana juu ya mipango ya aina hii ya "likitokea hili, nafanya lile". Na dakika 30 za kwanza za kila wiki zitumie kufungua kurasa za kozi zote tatu na kuandika kwenye karatasi moja kila kinachodaiwa, kabla ya kugusa video yoyote.

Jipe wiki mbili za namna hii. Kabla na baada, fanya maswali kumi ya zoezi bila kuangalia daftari, uandike alama. Zikipanda, endelea. Zisipopanda, tatizo linaweza kuwa chini zaidi, kwa mfano sehemu na asilimia ambazo Takwimu inazitegemea, na hilo halitatuliwi kwa video nyingine: omba kukaa na mwalimu au msaidizi wake ana kwa ana, hata nusu saa, ukiwa na karatasi zako zenye rangi mbili mkononi. Kama maandishi ya skrini yanakuumiza kichwa, pima macho. Kama unasoma mstari mmoja mara nne tangu utotoni, au husikii video vizuri, uliza kitengo cha wanafunzi wenye mahitaji maalumu juu ya maandishi ya video na muda wa ziada. Na kama kwa wiki mbili au zaidi usingizi umekimbia, hamu ya vitu imekufa, au unaamka na mzigo kifuani kila siku, muone daktari au mshauri nasaha kabla ya kuamua lolote kuhusu kozi.

Mshauri wa masomo muone wiki hii, si baada ya jaribio la pili. Mpelekee hesabu ya alama 80 zilizobaki, hesabu ya saa zako, na barua uliyomwandikia mwalimu wa kozi.